Jeneza la Watu Wawili

Krrr. Krrr. Krrr.

Rowena Thackray aliusikia mlio huo akiwa bado nje ya karakana, mkono mmoja umekumbatia samaki na chipsi za moto zilizofungwa kwenye karatasi, mwingine unatafuta kitasa. Haukuwa mlio wa msumeno mkubwa unaopasua mbao. Huu ulikuwa mwembamba, mkavu, wa kutia meno ganzi, kama panya anayetafuna mlango wa stoo. Akasimama palepale mvuani. Msumeno ule aliujua. Katika karakana ya akina Harland, ule mdogo wenye mpini wa pembe huteremshwa ukutani kwa shughuli moja tu, nayo ni mtu kufa.

Akausukuma mlango kwa bega.

"Nani kafa?"

Gideon Harland, mchumba wake, hakugeuka. Alikuwa ameinamia meza ya kazi, koti lake refu jeusi limejaa vumbi la mbao, mkono unakwenda na kurudi.

"Gideon! Nakuuliza, nani kafa?"

"Soma mwenyewe."

Tak. Kipande kikaanguka sakafuni, kikabingirika hadi kwenye kiatu chake. Rowena akainama akakiokota. Ulikuwa ufito wa mbao, mwembamba, uliokatwa katikati. Juu yake, kwa penseli, palikuwa na jina.

ROWENA.

Chipsi zikamwagika.

Msomaji, ili uone kwa nini mwanamke mzima atetemeke kwa ajili ya kijiti, lazima ujue kazi ya Gideon. Alikuwa akitengeneza makabati ya vitabu yenye umbo la jeneza. Makabati meusi ya mwaloni, vishikio vya mafuvu ya shaba, popo wamechongwa juu ya milango, yanasimama sebuleni mwa watu wanaopenda uzuri wa giza, hao wanaoitwa wagothi, wanaojaa mji huu wa bandari, Whitby, kila vuli kwa kofia ndefu na rangi nyeusi midomoni. Lakini hayakuwa mapambo matupu. Siku mwenye kabati akifa, rafu hutolewa, mfuniko hupigiliwa, naye huzikwa ndani ya kabati lake mwenyewe. Kwa hiyo kila kabati hukatwa kwa mwili wa mwenyewe, na kila mteja ana ufito wake: alama ya kichwa, alama ya mabega, alama ya viwiko, alama ya nyayo. Hakuna tarakimu, ni mikwaruzo ya penseli tu. Ukiwa hai, ufito wako unaning'inia ukutani mzima mzima. Ukifa, unakatwa vipande viwili, unalazwa nawe.

Tangu babu yake Gideon, hakuna aliyewahi kukata ufito wa mtu anayepumua.

"Umenizika," Rowena alisema taratibu. "Umenizika nikiwa hai, Gideon Harland. Na chakula chako cha mchana nimekuletea mimi!"

"Kaburi umelichimba mwenyewe."

"Nimelichimba wapi? Kwa koleo gani?"

Gideon akageuka. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi.

"Unataka kuona koleo? Njoo."

Akamshika mkono akampeleka mwisho wa karakana, akavuta turubai. Rowena akaachama. Mbele yake lilisimama kabati ambalo hajapata kuona mfano wake. Lilikuwa pana kama mlango wa kanisa. Majeneza mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu, yameunganishwa katikati kwa ustadi hata huoni mshono. Halikuwa na fuvu wala popo, ila waridi zilizochongwa kuanzia juu hadi chini.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Zuri hilo. La nani?"

"Ndilo swali langu."

"La watu wawili? Watu wawili hawafi siku moja."

"Linagawanyika katikati. Mmoja akitangulia, anachukua upande wake, wa pili anabaki na vitabu vyake akingoja zamu. Sasa usinipotezee lengo. Mwezi uliopita kuna mtu alinipigia simu, namba imefichwa. Sauti nzito, ya kiume. Akasema, 'Nataka kabati la watu wawili.' Nikamwambia njooni niwapime. Akasema, 'Hatuji. Vipimo nitakuletea.' Nikamuuliza jina. Akasema, 'Jina utalijua siku ya kulipeleka.' Kesho yake nakuta fito mbili mlangoni zimefungwa kwenye karatasi ya kaki."

"Halafu?"

"Halafu nikaanza kuchora mbao, Rowena. Na huu wa mwanamke, mkono wangu ukawa unakwenda wenyewe. Kabla sijatazama alama, nilijua inayofuata iko wapi."

Akarudi mezani, akautandika ule ufito wa mwanamke asiyejulikana. Kando yake akapanga vile vipande viwili vilivyokatwa. Kichwa kwa kichwa. Kiwiko kwa kiwiko. Hata bega la kushoto, ambalo kwa Rowena limepanda kidogo kuliko la kulia, lilikuwa limepanda vilevile, kwa kiasi kilekile.

Rowena akagusa alama ile kwa kidole.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Asante kwa kukiri."

"Sikiri kitu! Nasema huyu ni mimi, na sijawahi kumpa mtu kipimo changu. Nani kanipima? Lini? Nikiwa nimelala?"

"Muulize huyu." Gideon akautupa mezani ufito wa pili, ule wa mwanamume. Ulikuwa mrefu, umempita Gideon kwa kiganja kizima. "Whitby hii nani ana urefu huo? Nani anakuja kutoka Leeds kila vuli, anasimama dukani kwako kama mlingoti, anakuchekesha?"

"Lucian?"

"Umemtaja wewe, siyo mimi. Na jana ukaacha simu yako hapa ukaenda kunawa. Ikalia. Nikasoma."

Akaghani maneno yale kwa sauti kavu, kila neno analitema:

"'Ukinifia usiku, alfajiri nitakuja;
Kaburi litufunike, mimi nawe shuka moja.'"

"Hayo ni ya sahani!"

"Sahani."

"Sahani ya ukutani, mwanamume wewe! Sahani nyeusi yenye popo pembeni! Lucian anauza vitu Leeds, ameagiza niandike maneno hayo katikati kwa rangi ya fedha. Hata shairi lenyewe alinitumia nikalicheka!"

"Sikukuona ukicheka."

"Hukuniuliza!" Sauti ikampasuka. "Mwezi mzima umelala na fito hizi kifuani, unanibusu, unakunywa chai yangu, unapanga nami nyimbo za harusi, na hukufungua mdomo ukasema, Rowena, hiki ni nini? Ukaona bora ukachukue msumeno!"

Kiburi cha akina Harland ni kama gundi yao, kikishika hakibanduki.

"Jumamosi tunaoana," Gideon akasema. "Niambie ukweli leo."

"Jumamosi?" Rowena akaokota kipande chenye jina lake, akakibandika kifuani pa Gideon. "Jumamosi utaoa nani? Maiti haolewi."

Akatoka. Shakwe wakazishukia chipsi mlangoni, wakagombana juu yake.

*

Duka la Rowena lilikuwa kwenye kichochoro kinachopanda kuelekea magofu ya kanisa la kale. Ukiingia, mkono wa mifupa unakupokea koti. Vioo vyeusi vyenye fremu za miiba, kunguru wa plasta, vinara vilivyochongwa kama vidole, kiti kimoja chenye mbavu badala ya mgongo. Vyote kwa mkono wake mwenyewe. Na katikati ya weusi huo, akiwa na koti lake la rangi ya pichi na kitambaa cha kufutia vumbi, alisimama mama yake, Bi Hester, mjane, mshika dini, ambaye huja kila asubuhi kusaidia na kulalamika.

"Kunguru huyu ananitazama," alikuwa akisema. "Kila siku nasema umgeuze. Mbona umechelewa? Na mbona macho yamekuvimba?"

"Harusi imekufa, mama."

Kitambaa kikasimama juu ya kichwa cha kunguru.

"Imekufa vipi?"

"Gideon kakata ufito wangu."

"Kakata? Kwani wewe... Lakini si wanakata mtu akisha..."

"Ndiyo. Amepata oda ya kabati la watu wawili, mama. Kipimo cha mwanamke ni changu, mpaka bega. Cha mwanamume ni cha jitu fulani refu. Anasema nina mtu."

Bi Hester akakaa. Akakaa kwenye kile kiti cha mbavu, yeye ambaye kwa miaka yote aliapa kwamba hatakikalia hata akizimia.

"Kabati," akasema.

"Kabati."

"Na yeye... alijuaje ni kipimo chako? Kijiti ni kijiti."

"Mama, Gideon ananijua mabega kuliko fundi wa gauni langu."

Bi Hester akawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Hayo sikuyafikiria," akasema kwa sauti ndogo.

"Hukuyafikiria nini?"

"Nasema, sipendi kuyafikiria! Kijana mpumbavu. Mpumbavu kabisa. Usilie, binti yangu. Labda ni sadfa. Watu hufanana."

"Mabega hayafanani, mama."

Lakini jambo moja Rowena hakumwambia mama yake: chini ya machozi alikuwa na udadisi uliokuwa ukimtekenya kama unyoya sikioni. Ni nani? Nani katika dunia hii ana mwili wake? Akasimama mbele ya kioo kirefu cheusi, akajitazama mabega. Akapiga simu.

"Lucian? Una urefu gani?"

"Na mimi nakusalimu, malkia wa popo."

"Jibu. Umeagiza jeneza kwa Gideon?"

"Jeneza? Mimi nikifa nichomwe, na majivu yamwagwe kwenye bustani ya jirani yangu, maana namchukia. Kuna nini?"

"Urefu, Lucian!"

Sauti ikashuka.

"Uko peke yako?"

"Niko na mama."

"Basi usirudie kwa sauti. Ni viatu."

"Viatu?"

"Soli za viatu vyangu, Rowena. Nene kama mkate. Nikivivua nakufika puani. Mke wangu ndiye anayejua, na sasa wewe. Ukimwambia mtu, zile sahani zangu sizichukui."

Rowena akacheka kwa mara ya kwanza tangu mchana. Kisha akaandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena, akaurusha.

"Lucian ni mfupi. Ni viatu."

Jibu la Gideon lilikuja papo hapo, kama mtu aliyekuwa akiitazama simu.

"Basi ni nani?"

"Hilo nataka kulijua kuliko wewe. Mimi ndiye niliyeibiwa mwili."

"Mteja amepiga tena. Amenipa mahali pa kupeleka. Napeleka Alhamisi asubuhi."

"Wapi?"

Nukta tatu zikacheza kwenye kioo cha simu, zikazima, zikacheza tena.

"Siri ya mteja ni siri ya mteja. Baba alinifundisha hivyo."

"Mteja usiyemjua unamtunzia siri. Mimi mchumba wako ukanipiga msumeno. Usiku mwema."

Alipoinua macho, mama yake alikuwa bado kwenye kiti cha mbavu, midomo inacheza bila sauti, kama mtu anayesali au anayefanya mazoezi ya kusema jambo.

"Mama? Unasema nini?"

"Nasema kunguru huyu umgeuze."

*

Alhamisi wagothi walikuwa wamekwisha kuujaza mji. Kichochoro kilikuwa mto wa miavuli myeusi, magauni yenye mikia, nyuso zilizopakwa unga. Rowena alikuwa amepania kulifuata gari la Gideon hatua kwa hatua. Alishafunga hata kamba za buti. Lakini wateja wakamzingira: huyu anataka kinara, yule anauliza kama kunguru anauzwa pamoja na mkewe au peke yake. Alipopata nafasi ya kuchungulia, gari lilikuwa limeshapita. Na mama yake, kwa mara ya kwanza katika miaka, asubuhi ile hakuja dukani. Alifika baadaye, anahema, kofia imekaa upande.

"Ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Kupanga maua."

"Alhamisi?"

"Maua hayajui siku."

Akachukua kitambaa chake, akaanza kufuta kioo. Akakifuta. Akakifuta tena.

Mchana ulipogeuka, mlango ukafunguka, Gideon akaingia. Maji yanamtiririka, nywele zimemganda usoni. Hakuwa na ule uso wa juzi. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua kabati la jikoni akamkuta malaika.

"Rowena. Nimekosa."

Wateja wawili wakajifanya kutazama vioo, huku vioo vikiwaonyesha wakitazama.

"Umemwona?" Rowena aliuliza. Hasira ilitaka kusema kwanza, lakini udadisi ukaipiga kumbo. "Umemwona huyo mwanamke? Ni nani?"

"Nimemwona. Si wewe. Hujafanya kosa lolote, wewe wala Lucian. Mimi ndiye mpumbavu."

"Hilo tunalijua. Ni nani?"

"Siwezi kusema."

"Rudia."

"Siwezi kusema. Nimeombwa nisiseme."

"Na nani?"

"Ukimjua aliyeniomba, umejua yote."

Rowena akaja mbele ya kaunta. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya fedha ya zile sahani.

"Sikiliza, Gideon. Juzi umeniita mzinzi mbele ya ukuta wa fito. Leo unakuja kuniambia kuna mwanamke mwenye mwili wangu, umemwona kwa macho yako, na nisiulize. Nipe sababu moja ya kukusamehe. Moja tu!"

"Ninayo." Akajifuta maji usoni. "Lakini si yangu kuitoa. Nikiisema, nitajisafisha mimi nimpake tope mwingine ambaye hajakukosea kitu. Sitaki kusamehewa kwa bei hiyo. Nimekuja kusema nimekosa, basi. Kama hutaki harusi, nitakwenda mwenyewe kwa mchungaji nimwambie kosa ni langu."

Rowena akamtazama. Kitu fulani hakikukaa sawa. Gideon huyu, ambaye hajawahi kuingia dukani bila kuinamisha kichwa na kusema, "Habari za leo, Bi Hester," leo hakumsalimu mama yake. Hata upande ule hakutazama. Alikuwa akiukwepa kama mtu anavyolikwepa jua.

Lakini uchungu ni kipofu.

"Toka," akasema.

Gideon akatoka. Kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

Kisha ikasikika sauti ya kitambaa kikitupwa chini.

"Mwite."

Rowena akageuka. Bi Hester alikuwa amesimama mbele ya kioo.

"Nani, mama?"

"Huyo mpumbavu mwenye heshima. Mwite kabla hajafika darajani! Oh, wewe huna mbio, nipishe."

Na mbele ya macho ya bintiye, mshika dini wa koti la pichi akafungua mlango, akajitosa katikati ya miavuli myeusi, akapiga ukelele ambao Whitby haikuwahi kuusikia ukitoka kinywani mwake:

"Gideon Harland! Rudi hapa! Mpisheni, nyinyi wachawi, mpisheni apite!"

Umati ukagawanyika. Gideon akarudi polepole.

"Bi Hester, nilikuahidi. Sikusema neno."

"Najua hukusema. Nimekusikia ukikosa kusema, na moyo ukaniuma kama jino." Akamgeukia Rowena, aliyekuwa kwenye kizingiti, mkono mdomoni. "Ni langu."

"Nini lako?"

"Kabati. Jeneza. Hiyo takataka ya waridi. Ni langu mimi na Wilfred."

"Wilfred gani?"

"Wilfred Pickering."

"Mpiga kinanda? Wa kanisani?" Rowena akainua macho hewani, kama anayempima mtu mrefu. Bwana Pickering, mrefu kama mnara, ambaye hugonga kichwa kila mlango wa mji ule! "Bwana Pickering na wewe? Tangu lini?"

"Muda. Baba yako alikuwa ameshalala miaka mingi. Usinitazame hivyo, mimi si kunguru wako."

"Na kipimo?"

"Wilfred alinipima jikoni kwa ufito wa mapazia. Kumbe wewe umerithi bega la mama yangu kama mimi. Nikajua juzi uliponiambia, nikakosa ujasiri wa kusema. Na leo Gideon, alipokuwa akiliingiza kabati kwa Wilfred, akanikuta humo nimevaa aproni. Akasimama ananitazama mabega, halafu akakaa chini sakafuni akaanza kulia, mtu mzima yule."

"Sikulia," Gideon alisema.

"Ulilia, na Wilfred akakupa chai."

Nani huyatazama mabega ya mama yake? Rowena aliyatazama sasa, labda kwa mara ya kwanza maishani. Hilo hapo, bega la kushoto, limepanda chini ya koti la pichi.

"Lakini mama, wewe hivi vitu unavichukia! Unaviita mazagazaga ya makaburini!"

"Na bado navichukia. Gideon alitaka kututilia popo, Wilfred akamwambia waridi au hatutaki." Kisha sauti ikavunjika. "Ulishawahi kulisoma jiwe la baba yako, Rowena? Lisome vizuri. Jina lake liko juu. Chini yake liko langu. Mliyachonga majina yote mawili kwa siku moja, kupunguza usumbufu, mkanionyesha mkadhani mmenipa zawadi. Kila Jumapili napita nasoma: 'Na mkewe, Hester.' Pamebaki nafasi ya tarehe. Nikimshika Wilfred mkono najiona kama maiti iliyotoroka. Nilimpenda baba yako. Lakini sikutaka kulala pale. Nilitaka mahali pangu, na mtu wangu, na vitabu vyangu. Nikaona aibu kukwambia. Nikaona ni afadhali ulijue nikishakufa."

Mvua ilikuwa imepungua. Wagothi wote wa kichochoro walikuwa wamesimama wakisikiliza, na mmoja aliyevaa kama askofu aliyefufuka alikuwa akijifuta jicho, rangi nyeusi inamshuka shavuni.

Rowena akashuka kizingiti akamkumbatia mama yake kwa nguvu hata kofia ikaanguka.

"Mimi ndiye niliyemwambia mchonga mawe," akasema sikioni mwake. "Sikukuuliza. Nisamehe, mama."

"Ulikuwa mtoto."

"Na jiwe hilo litarekebishwa. Na Jumamosi, kama kutakuwa na Jumamosi, Bwana Pickering akimaliza kupiga kinanda ashuke aje akae benchi la mbele, ubavuni mwako, watu wamwone."

"Watacheka."

"Nani acheke? Hawa?" Akaonyesha umati wa mafuvu na mabawa. Bi Hester akacheka akiwa analia.

Kisha Rowena akamgeukia Gideon. Alikuwa amesimama pembeni, mikono imening'inia kama ya mtu aliyepoteza zana zake.

"Ulijua tangu asubuhi."

"Ndiyo."

"Ukaja, nikakutukana, ukafukuzwa, na neno moja tu lingekuokoa. Ukalimeza."

"Halikuwa langu."

"Kwa kimya hicho nimekupenda," Rowena akasema. "Kwa kile kimya kingine, cha mwezi mzima, nilitaka kukuua. Unaona tofauti?"

"Naiona."

"Sidhani. Leo umenyamaza ili umlinde mtu. Kule ulinyamaza ili uninase. Ulikuwa na swali, ukalifanya hukumu. Ningekujibu kwa sekunde moja, Gideon! Tungekaa tukajiuliza pamoja ni nani huyo. Tungecheka! Ulininyima hata hiyo raha ya kutaka kujua."

"Nilikuwa naogopa jibu."

"Najua. Na utaogopa tena, maana una wivu kama jogoo. Kwa hiyo sitaki uniahidi kwamba hutanishuku. Huwezi. Niahidi kile unachokiweza."

Kiburi kikampanda Gideon, kikamfika kooni, akakimeza kama alivyolimeza lile neno dukani. Akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Sijasikia," Rowena alisema.

"Hata sisi huku nyuma hatujasikia!" akapaza askofu aliyefufuka.

"Sema kama mwanamume, kijana wangu," Bi Hester akaongeza, anavaa kofia yake. "Mimi nimepiga kelele mji mzima, na umri huu."

Gideon akavua koti lililolowa, akapanda juu ya ngazi ya duka, akajaza kifua.

"Mimi Gideon Harland," alipaza sauti mpaka shakwe wakaruka juu ya mapaa, "nakuahidi wewe Rowena mbele ya mama yako na watu wote hawa: nikikushuku, nitakuja kukuuliza. Nikiwa na wivu, nitakwambia nina wivu. Nikiwa mpumbavu, nitakuwa mpumbavu mbele ya macho yako, kamwe si nyuma ya mgongo wako. Naanza leo: utaolewa nami Jumamosi? Na ukikataa, naahidi nitakuuliza tena Jumapili!"